Ulimi Usijue

Filister alikuwa mshonaji, na macho yake yalikuwa yamezoea kupima watu bila futi. Mtu akipita mbele ya kibanda chake pale Sindo, alijua kiuno chake, mabega yake, na kama suruali aliyovaa iliwahi kuachiliwa mshono. Kwa hiyo siku ile mumewe Javan alipomwekea suruali ya kaki juu ya cherehani na kusema, "Mama Byron, nipunguzie hii, inanianguka," hakuhitaji kuuliza imelegea kiasi gani. Alikuwa ameona kwa wiki nyingi. Alichotaka kujua ni jambo jingine, na hilo futi haikuweza kumwambia.

"Acha hapo, nitaishona kesho," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Javan akaondoka kuelekea ufuoni, ambako alitengeneza injini za boti. Filister aliitandaza ile suruali magotini, akaitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua vizuri. Mume wangu anapona, au mume wangu anaisha?

Mambo yalikuwa yameanza kanisani, Jumapili moja baada ya misa, watu wa afya walipopiga hema uwanjani na kuwapima waumini presha na sukari. Javan alinyoosha kidole kwa mzaha tu, akitaniana na mwalimu wa kwaya. Muuguzi akatazama kimashine chake, akamdunga mara ya pili, akatazama tena. Kisha akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Baba, sukari yako iko juu. Usikae na hii nyumbani. Nenda Homa Bay wakupime vizuri, asubuhi kabla hujala."

"Na hiyo mashine yenu yenyewe imekula nini leo?" Javan aliuliza, na foleni nzima ikacheka.

Lakini njiani hakucheka. Walikuwa karibu kufika nyumbani aliposema, bila kumtazama mkewe, "Hiyo habari isitoke nje. Na ndani pia sitaki kuisikia."

Filister alielewa. Baba yake Javan alikufa huko Rusinga akiwa na mguu mmoja. Kidonda kidogo cha kidole kilikataa kupona, kikapanda, mguu ukakatwa, na mzee hakumaliza mwaka. Javan, wakati huo kijana, ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka na kumrudisha. Alimsimulia mkewe habari hiyo mara moja tu, siku za mwanzo za ndoa yao, na tangu hapo akaifungia kifuani kama mtu anayefungia mbwa mkali.

Kwa kawaida Javan alikuwa mtu wa kula. Alipenda chai iliyochemshwa na sukari mpaka midomo inanata, mandazi ya kurudia, ugali mweupe uliosimama kama kichuguu, na samaki wa kukaangwa mpaka mafuta yatiririke kiganjani. Kumwambia aache vyote hivyo ilikuwa sawa na kumwambia ahame nyumbani. Filister alijaribu mara moja tu kuigusia ile habari. "Baba Byron, twende Homa Bay wiki hii?" Javan aliweka kikombe chini, akatoka, na hakurudi mpaka jua lilipozama.

Ndipo Filister alipomuuliza Bathsheba, mhudumu wa afya wa mtaa wao, aliyekuja kibandani kuchukua gauni lake. Alimuuliza kwa kuzunguka. "Kuna jirani yangu, mumewe ana sukari na hataki kusikia."

Bathsheba alimtazama kitambo, akajifanya anakagua pindo. "Mwambie huyo jirani yako asimpindulie mtu sahani kwa siku moja. Atakimbia. Apunguze kidogo hapa, aongeze kidogo pale, ulimi usijue. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Basi hata kukipunguza ni haba na haba." Akakunja gauni. "Na jambo la pili: amwambie mumewe. Chakula ni cha mwenye tumbo. Usimlishe mtu mzima kama mtoto mchanga."

Filister alilishika la kwanza. La pili aliliacha lipite.

Alianza na chai. Alipunguza sukari kwenye sufuria, kiasi kidogo sana, na akaendelea hivyo mpaka ulimi ulipozoea, ndipo akapunguza tena. Javan alilalamika mara moja, "Sukari ya siku hizi haina nguvu," na Filister akaitikia kwamba hata wateja wake wanasema hivyo. Akabadilisha bakuli la kufinyangia ugali, akatafuta jingine lenye umbo lile lile ila dogo zaidi. Pembeni akajaza mboga: osuga, yaani mnavu, leo, mrenda kesho, kunde keshokutwa. Samaki akaanza kumchemsha na nyanya na ndimu, mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, na mafuta yakazidi kubaki kwenye chupa. Asubuhi alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha "kwa sababu mama mandazi ameongeza chumvi."

Kazi ngumu ilikuwa unga. Javan alikuwa na neno lake kuhusu ugali wa mtama: "Huo ni wa wazee na wagonjwa." Mama yake Filister kule Uriri alimtumia mtama na wimbi kutoka shambani. Filister aliusaga, akautia kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, na akalificha kopo nyuma ya gunia la makaa. Kila alipopika ugali alichanganya kidogo, kijiko cha kwanza, cha pili, na baada ya muda ugali wa nyumba ile ukawa na rangi ya mchanga wa ufuoni. Javan alikula bila neno. Filister alikaa mbele yake akihesabu matonge kwa macho, kama mwizi aliyesikia kitasa.

Kwa muda alijisifu. Kitambi cha Javan kilishuka. Alianza kupanda kilima cha nyumbani bila kusimama. Kisha siku moja Bathsheba akapita tena, akamwona Javan kwa mbali, na uso wake ukabadilika.

"Huyo jirani yako," alisema polepole, "mumewe anakunywa maji mengi? Anaamka kukojoa? Kwa sababu kukonda ni njia mbili, Mama Byron. Chakula kizuri humkondesha mtu. Na sukari yenyewe humkondesha mtu, ikianza kumla."

Tangu siku hiyo Filister hakupata raha. Kila Javan aliposhika kikombe cha maji, alikaza macho. Akienda nje, masikio yalimfuata. Akivua viatu, Filister alijitia kuokota uzi sakafuni ili atazame vidole vya miguu yake. Alitaka kumwambia aende kupimwa, lakini neno lilifika kooni likarudi, kwa kuwa sasa lilikuwa limeongezeka uzito: hangeweza kusema "nenda kapimwe" bila kusema pia "nimekuwa nikibadilisha chakula chako." Na mji nao ulikuwa umeanza kuona. Mtu akikonda Sindo, watu hawaulizi amekula nini. Maxwell, fundi mwenzake Javan wa injini, alimwambia mbele ya watu, "Javan, nini mbaya? Unaisha kama sabuni." Javan alicheka. Usiku huo hakula vizuri, na Filister hakujua kama ashukuru au alie.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pale suruali ya kaki ilipoletwa.

Siku chache baadaye, Trizah akaja kutoka Rusinga. Alikuwa dada mkubwa wa Javan, mjane, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kubisha hodi kwa ndugu yake. Alimkuta Javan anaosha mikono uani. Akasimama. Mfuko aliobeba ukamponyoka, maembe yakatawanyika.

"Ndugu yangu! Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama Cephas. Karibu."

"Nani amekufanya hivi?"

Hakuuliza nini. Aliuliza nani. Filister, akiwa jikoni, alilisikia swali hilo likimpita mgongoni kama maji baridi.

Trizah aliingia jikoni kusaidia kupika, au ndivyo alivyosema. Alifungua sufuria, akanusa. Akainua chupa ya mafuta, akaitazama, akairudisha. Kisha akasogeza gunia la makaa ili apate kipande cha kuwashia, na kopo likaonekana. Akalifungua. Akachovya kidole kwenye unga ule wa kahawia, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nyar Uriri," alisema. Ndivyo walivyomwita katika ukoo ule, binti wa Uriri, na siku zote jina hilo lilitajwa kwa upendo. Siku hiyo lilisikika kama jina la mtu wa mbali. "Hii ni nini unamwekea ndugu yangu?"

"Ni unga, Mama Cephas. Mtama na wimbi."

"Unga hukaa jikoni mbele za watu. Huu ulikuwa nyuma ya makaa."

Filister alifungua mdomo. Javan alikuwa amesimama mlangoni sasa, mikono ikichuruzika maji, akimtazama yeye, kisha kopo. Jibu lilikuwa jepesi: una ugonjwa wa baba yako, na mimi naogopa. Lakini alimwona Trizah, aliona uso wa Javan, akakumbuka ile Jumapili: na ndani pia sitaki kuisikia.

"Umeuficha kwa nini?" Javan aliuliza.

"Nilijua huupendi."

"Na bado ukanipikia."

"Ndiyo."

Filister alitarajia hasira. Alichokiona kikamtisha zaidi. Mabega ya Javan yalishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alikuwa ameonyeshwa kwa nini anakonda, na sababu ile haikuwa ya baba yake. Ilikuwa rahisi kwake kulishwa sumu na mkewe kuliko kuwa mwana wa yule mzee.

Tangu hapo Javan hakula nyumbani. Hakumpiga, hakumtukana, hata kumfukuza hakumfukuza. Aliamka, akavaa, akaenda kula kwenye hoteli za ufuoni. Filister alipita siku moja na kitambaa cha mteja akamwona: chapati zimepangwa, chai ya maziwa, mandazi kwenye gazeti. Alikuwa anakula haraka, kama mtu anayelipiza. Kazi ya miezi yote ilikuwa inabomolewa kwa meno, mbele ya macho yake. Akarudi kibandani, akakaa, akakanyaga cherehani bila uzi mpaka mteja alipomshtua.

Jirani mmoja alikuja kununua kifungo, akanunua kimoja tu, na akaangalia kila kona ya kibanda kabla ya kuondoka. Filister alijua habari imetoka.

Angeweza kwenda Uriri kwa mama yake. Hata mkoba aliutoa chini ya kitanda. Lakini alipofikiria Javan peke yake na zile chapati, na vile vidole vya miguu ambavyo sasa hakuna aliyekuwa akivitazama, akaurudisha. Kesho yake hakufungua kibanda. Alipanda gari mpaka Mbita, akavuka kuingia Rusinga, na kwenda kwa mtu aliyemwogopa kuliko wote.

Trizah alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya neti. Alimwona, akaendelea kuanika.

"Umekuja kunipikia na mimi?"

"Nimekuja kukwambia kitu ambacho nilikatazwa kusema," Filister alisema, akibaki amesimama kwa kuwa hakukaribishwa kukaa. "Javan alipimwa kanisani. Ana sukari. Aliambiwa aende Homa Bay, akakataa. Nikaona nimpunguzie chakula polepole, asijue. Hiyo ndiyo dawa yangu yote, Mama Cephas. Mtama, mboga, na chai isiyo na sukari nyingi. Sasa amekonda, na mimi sijui kama ni chakula changu au ni ule ugonjwa. Na anakula chapati hotelini kwa sababu yangu. Ukitaka nifukuze, lakini mpeleke hospitali kwanza."

Mikono ya Trizah ilisimama juu ya omena. Upepo wa ziwa ulipeperusha kingo za neti.

"Sukari," alisema.

"Ndiyo."

"Kama Baba."

Trizah akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajipangusa viganja kwenye leso, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Wewe hukumjua mama yetu mdogo," alisema baadaye. "Mke wa pili wa Baba. Baba alipoanza kukonda, kabla hata ya kidonda, watu walisema ni mkono wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa anampikia. Walimfukuza. Aliondoka hapa na mtoto mgongoni, na sahani zake zikavunjwa nyuma yake. Hospitali walipotuambia ni sukari, alikuwa ameshakwenda, na hakuna aliyemfuata kumwambia rudi." Akainua macho. "Nilipoliona lile kopo, mdomo wangu ulisema maneno yale yale. Yalikuwa yanakaa humu ndani tu, yakingoja."

"Ulimwogopea ndugu yako."

"Na wewe ulimwogopea mumeo. Tazama tulikomfikisha." Akasimama. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaa, kunywa uji. Kesho tunaenda kumchukua."

Javan hakukubali kwa urahisi. Walimkuta ufuoni, ameinamia injini iliyofunguliwa. Trizah hakupaza sauti. Alimwambia yote pale pale, la kanisani, la kopo, la mama mdogo, na Javan akaendelea kukaza nati moja ambayo ilikuwa imekazika zamani.

"Kwa hiyo mkeo hakukuroga," Trizah alimaliza. "Pole. Ingekuwa rahisi kwako."

Spana ikateleza. Javan alikaa kwenye ukingo wa boti, akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Filister alitaka kumkaribia, akasita, kisha akamkaribia.

"Mguu wake ulikuwa mwepesi, Mama Byron," Javan alisema kutoka nyuma ya mikono. "Walinipa niuzike. Umefungwa kitambaa. Sikudhani mguu wa mtu unaweza kuwa mwepesi hivyo."

Hilo hakuwahi kumwambia.

Alfajiri ya siku iliyofuata walikwenda Homa Bay wote watatu, Javan bila kutia kitu mdomoni. Hospitalini walikaa kwenye benchi refu. Walimtoa damu, wakawaambia wangoje. Filister alikunja na kukunjua kona ya leso yake. Alijaribu kuomba, lakini maombi yalikatika katikati, akajikuta anasema tu, isiwe mimi niliyechelewesha, isiwe mimi. Kwa maana huo ndio uliokuwa mwiba wake: kwamba kwa kumtunza kimya kimya alimpa nafasi ya kukaa miezi yote bila daktari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Nyakerario, mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia Javan avue viatu. Akampapasa nyayo kwa kiuzi kigumu, akimuuliza kila mara, "Unasikia hapa? Na hapa?" Javan alisikia kote. Kisha akasoma majibu.

"Una kisukari, baba. Hilo si la kubahatisha tena. Kiko juu, lakini si kule nilikotarajia kwa mtu aliyekaa bila dawa. Figo ziko sawa. Miguu iko sawa." Akawatazama wote watatu. "Nani anapika?"

Javan na Trizah wakamgeukia Filister.

"Mimi," Filister akasema, kama anayekiri kosa.

"Unapika nini?"

Akaeleza. Daktari alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali, mara moja akatabasamu. Lakini Filister alipouliza lile swali lililomlaza macho, kama kukonda kule kulikuwa kwa chakula au kwa ugonjwa, Nyakerario hakumpa alichotaka.

"Siwezi kukwambia. Pengine vyote viwili. Chakula chako kimemsaidia, lakini peke yake hakitoshi. Angekuja mapema tungejua zaidi. Sasa kuna vidonge, kuna kupimwa, na kuna hicho chakula. Ila sufuria isipikwe tena na mtu mmoja gizani."

Walitoka nje jua likiwa limepanda. Javan alitangulia hatua chache, bahasha ya vidonge mkononi. Ghafla akageuka.

"Umenifanya mtoto," alimwambia mkewe. "Miezi yote hiyo. Nilikuwa nakaa mezani kwangu kama mtoto."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa."

"Sasa ningefanya nini?"

"Ungeniambia, nikatae," Javan alisema. "Halafu uniambie tena." Filister akasema, "Nisamehe," na alilimaanisha, ingawa ndani yake sehemu fulani ilijua kwamba angelazimika angefanya vile vile.

Trizah alisema njaa inamwua na hana nguvu ya kesi za ndoa barabarani. Wakaingia hoteli moja karibu na ziwa. Mhudumu alipokuja, Filister aliuma ulimi, akabana mikono chini ya meza. Javan alitazama ubao wa vyakula kwa muda mrefu mpaka mhudumu akahamishia uzito mguu mwingine.

"Samaki, ngege wa kuchemsha," alisema. "Ugali nusu. Sukuma uweke nyingi. Na soda."

Filister akageuka kumtazama.

"Soda leo siachi," Javan alimwambia. "Nimekata ugali. Nimekubali vidonge. Soda tutaongea mwezi ujao, wewe na mimi, mezani, nikiwa nasikia."

"Sawa," Filister akasema, na neno hilo lilimgharimu. Soda ikaja, Javan akainywa yote, taratibu, bila kumkwepa macho. Filister alihesabu kila funda. Hofu haikumtoka, alijua sasa kwamba atakaa nayo, kama wanawake wa ufuoni wanavyokaa na ziwa. Ila ilikuwa imegawanywa kwa watatu, na sehemu yake ilibebeka.

Ugali ulipoletwa, Javan alikata tonge, akalitafuna, akauliza, "Na kesho utatupikia nini?"

Filister akavuta pumzi, akaanza kumtajia, kimoja kimoja, kila kitakachoingia kwenye sufuria.